Gari la njia mbovu likishajengwa upya: dalili, vyanzo na tiba

Ukiinua Land Cruiser, Patrol au Suzuki Sierra kwa sentimita 5 na kulivalisha tairi kubwa, umegusa mengi kuliko uliyokusudia. Mshazari wa ekseli umebadilika, mipira ya breki imekuwa mifupi, gia zimekuwa nzito, beringi zimeongezewa mzigo, na feni huenda haivuti tena hewa pale ilipokuwa ikivuta. Ndiyo maana fundi mzoefu, kabla ya kushika spana, huuliza: kitu gani kilifungwa mwisho? Anza hapo hata kama dalili inaonekana iko mbali kabisa na hicho kitu.

Mwongozo huu ni wa magari yenye ekseli nzima mbele na nyuma, yale yanayopelekwa kwenye mawe ya Menengai, vumbi la Elementaita, matope meusi ya Kano na miteremko ya Tambach, zote za Kenya. Vifaa si vingi: tepu, chaki, spana ya torki, voltimita, mizani ya ndoano kama ile ya kupimia samaki, na simu yenye programu ya kupima mshazari. Ongeza stendi mbili imara. Matofali na mawe hupasuka bila kutoa ilani. Usilale chini ya gari lililokalia hayo.

Usukani unapigapiga kama una homa

Gari liko kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa, linagonga kishimo au kiungio cha daraja, na usukani unaanza kurukaruka kulia na kushoto. Hautulii mpaka upunguze mwendo karibu usimame. Wengi hukimbilia shoki mpya ya usukani. Hiyo ni kumpaka mgonjwa poda: ulegevu unabaki palepale, na wiki chache baadaye homa inarudi ikiwa kali zaidi, kwa sababu jointi zimeendelea kulika.

Anza na kisicho na gharama. Ingia chini uangalie upande wa ndani wa rimu. Tope la Ahero likikauka humo linashika kama saruji, na nusu kilo upande mmoja inatosha kutetemesha gari zima. Osha, kwangua, jaribu tena. Dalili ikibaki, hamisha tairi za mbele ziende nyuma. Mtetemo ukihama kutoka usukanini kwenda kwenye kiti, tatizo ni tairi au balansi.

Kama bado, fanya jaribio la watu wawili. Gari lisimame juu ya tairi zake, lisiinuliwe, injini ikiwaka na breki ya mkono imevutwa. Mmoja autikise usukani harakaharaka, robo duara kila upande. Mwingine ashike kila kiungo kwa mkono, kimoja baada ya kingine: rodi ya Panhard (ile inayozuia ekseli isisogee kando) pande zote mbili, ncha za tairodi (rodi inayounganisha magurudumu mawili ya mbele), rodi inayotoka kwenye boksi ya usukani, na boksi yenyewe pale ilipofungwa kwenye chesisi. Mkono husikia kile jicho lisichokiona. Rodi ya Panhard ndiyo mkosaji wa mara kwa mara baada ya kuinua gari, kwa sababu bolti yake ilifunguliwa na kufungwa tena gari likiwa limening'inia. Bushi za raba zinatakiwa kukazwa gari likiwa limekaa kwa uzito wake, la sivyo zinabaki zimejipinda na kupasuka mapema. Ukikuta tundu la bolti limekuwa la yai, kukaza hakusaidii. Chomelea washa nene pande zote mbili au pleti mpya, kisha toboa tundu la kipimo kamili cha bolti.

Halafu inua gurudumu moja la mbele, ulishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki huku ukiendelea kutikisa. Mchezo ukipotea, beringi ya gurudumu imelegea. Ukibaki, shida iko kwenye beringi za kifundo, zile mbili ndogo za juu na chini zinazokiwezesha kifundo, yaani ncha ya ekseli inayobeba gurudumu, kugeuka. Tofauti hii inakuokolea siku nzima ya kazi, maana wengi hufungua beringi ya gurudumu, wakaifunga vizuri, na gari likabaki na homa yake.

Beringi za kifundo hukazwa kwa vibati vyembamba vinavyowekwa chini ya mkono wa usukani au kifuniko. Ondoa tairodi, funga mizani ya ndoano mahali ncha ya tairodi inapoingia, vuta polepole na usome uzito kifundo kikiwa kinazunguka. Linganisha na kipimo cha kitabu cha gari lako. Ukikivuta kwa kidole kimoja bila ukinzani wowote, beringi hazijabanwa. Punguza kibati kimoja, upime tena.

Kwenye Toyota, usifunge kazi bila kugusa nati nne zinazoshika mkono wa usukani kwenye kifundo. Tairi kubwa na usukani uliokatwa mpaka mwisho kati ya mawe huzilegeza, na zikilegea bolti zake hukatika moja baada ya nyingine bila kelele. Kilainishi kinachovuja kutoka ndani ya kifundo huingia kwenye nyuzi na kuzidi kuzilegeza. Ng'oa bolti, safisha matundu kwa petroli, kausha kabisa, weka bolti mpya na zile pete za koni, kaza kwa torki ya kitabu, kisha kaza tena baada ya safari ya kwanza.

Gari linatangatanga na usukani haurudi wenyewe

Hili ni tatizo la kasta, yaani jinsi kifundo kinavyoegemea nyuma kikitazamwa kutoka ubavuni. Kasta ndiyo inayorudisha usukani katikati baada ya kona. Kwenye gari lenye koili springi na mikono mirefu mbele, kama Land Cruiser 80, kila milimita 25 za kuinua hula takriban digrii 1. Gari hilo linatoka kiwandani na digrii 3 hivi. Ukiliinua milimita 50 unabaki na kama digrii 1, na kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, malori yakikupita, utajua.

Tiba ni bushi zenye tundu lililosogezwa pembeni, au pleti zinazobadilisha mahali mkono unapofungwa. Bushi zinatosha kwa digrii 2 hivi; zaidi ya hapo tumia pleti. Kwa springi za vyuma bapa, wekea kabari za chuma za digrii 2 hadi 4 kati ya springi na ekseli. Usitumie kabari za alumini kwa gari linaloruka mawe. Hupondeka na yu-bolti zikalegea.

Hapa pana mtego. Ukiongeza kasta kwa kuzungusha ekseli ya mbele, pua ya difu inainama chini, na propela ya mbele (shafti inayopeleka mzunguko kwenye difu) inapata pembe mbaya zaidi. Ukitibu usukani unaweza kuzaa mtetemo. Kwa kuinua kwa kiasi, inavumilika. Ukizidi sentimita 10, tiba ya kweli ni kukata vifundo kwenye ekseli na kuvichomelea upya vikiwa vimezungushwa, kazi ambayo haifai kufanywa na mtu asiye na jigi.

Kabla ya yote hayo, hakikisha tairodi haijapinda. Ing'oe, ivingirishe juu ya sakafu iliyo sawa. Ikirukaruka, imepinda, na matairi yanatazamana vibaya. Kupima mtazamo wa matairi hakuhitaji mashine. Inua gurudumu, lizungushe huku umeshikilia msumari katikati ya tairi ili upate mstari mwembamba, fanya pande zote mbili, shusha gari, lisukume mbele mita chache, kisha pima umbali kati ya mistari mbele na nyuma ya tairi kwa urefu wa ekseli. Mbele pawe padogo kwa milimita 0 hadi 3.

Usukani ukikaa upande wakati gari linaenda sawa, usiung'oe usukani na kuurudisha ukiwa umenyooka. Rekebisha urefu wa rodi inayotoka kwenye boksi. Boksi ina katikati yake halisi, na pale ndipo imebanwa vizuri. Ukiiendesha nje ya katikati utapata mchezo hata kama boksi ni mpya.

Mtetemo unaotoka chini ya sakafu

Tenganisha kwanza. Mtetemo wa tairi ni wa polepole: kwa tairi ya 235/85R16 kwenye kilomita 80 kwa saa, gurudumu linazunguka karibu mara 9 kwa sekunde. Propela, kwa difu ya uwiano wa 4.10, inazunguka mara 36 katika sekunde hiyohiyo, na krosi (kiungo cha msalaba kwenye ncha ya propela) yenye pembe mbaya inapiga mara mbili kila mzunguko. Kwa hiyo shida ya pembe huja kama mvumo, unasikika miguuni na kwenye vioo, na hubadilika ukikanyaga au kuachia mafuta. Shida ya tairi hufuata mwendo tu, haijali kama umekanyaga.

Kama gari lako lina mvuto wa mbele wa kufunga na kufungua, ng'oa propela ya mbele uendeshe. Mvumo ukipotea, umeupata. Ukibaki, tazama ya nyuma. Magari ya magurudumu manne ya kudumu yanahitaji ufunge difu ya kati kabla ya kung'oa propela yoyote, la sivyo halitasogea.

Kwa propela ya krosi moja kila ncha, uso wa pinioni (gia ya difu inayopokea propela) na uso wa transfa (boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma) uwe sambamba. Weka simu kwenye kila uso, usome, tofauti isizidi digrii 1. Kwa propela yenye krosi pacha upande wa transfa, pinioni itazame transfa moja kwa moja, au iwe chini yake kwa digrii 1 hadi 2 kwa sababu itanyanyuka ukikanyaga. Hakikisha pia macho ya pande mbili za propela yamelingana kwa mstari. Mtu akiichomoa kwenye meno ya mtelezo na kuirudisha jino moja pembeni, itavuma hata kama kila kitu kingine ni sahihi. Chora mstari wa rangi kabla ya kuchomoa, kila mara.

Springi za bapa zina ugonjwa wao. Ukipanda kwa nguvu kwenye gia ya chini na gari likatikisika dug-dug-dug, springi inajipinda mfano wa herufi S na kurudi. Pembe za propela zinaweza kuwa kamili gari likisimama na kuharibika ukikanyaga. Kaza yu-bolti kwanza. Kama springi zenyewe ni ndefu na laini, fundi wa chuma atengeneze mkono mmoja kutoka kwenye ekseli kwenda chesisi, wenye shakoli mbele ili usizuie springi kufanya kazi.

Mafuta ya difu yamekuwa chai ya maziwa

Maji. Difu iliyopata moto ikiingia mtoni Nzoia au Nyando, hewa ya ndani inapoa ghafla, inajikunja, na kunyonya maji kupitia sili. Sili haina kosa. Imetengenezwa kuzuia mafuta yasitoke, haikutengenezwa kuzuia mvuto wa namna hiyo. Toa mafuta yote na uoshe difu kwa dizeli kidogo. Weka mafuta mapya, yaendeshe kilomita mia mbili hivi, kisha uyabadilishe tena. Halafu ongeza mpira wa milimita 6 hadi 8 kwenye bomba la kupumulia la kila ekseli, transfa na giaboksi, uupandishe mpaka juu ya injini, uishie na kichujio kidogo cha petroli. Mpira usipite karibu na ekzosi, na uache ulegevu wa kutosha gari linaponing'iniza gurudumu.

Kwenye Toyota na Suzuki, tazama pia kifundo cha mbele. Grisi ya ndani ikigeuka uji mwembamba mweusi unaotiririka, sili ya ndani ya ekseli imekufa, na mafuta ya difu yanaingia kwenye jointi ya Birfield, ile inayopeleka nguvu kwenye gurudumu huku likigeuka. Jointi hiyo ikikosa grisi nzuri ndiyo inayokatika ukiwa umekata usukani mpaka mwisho, difu ya mbele imefungwa, na tairi imebanwa na jiwe. Sauti yake ni kama risasi. Inayotoa taka-taka-taka kwenye kona polepole bado haijakatika, imekuonya. Ibadilishe kabla ya kuipeleka Eburru.

Breki ndefu, au gari linainama pua

Tairi ikitoka 235/85R16 yenye kipenyo cha milimita 806 kwenda 315/75R16 ya milimita 879, imekua kwa asilimia 9, na nguvu ya breki barabarani inapungua kwa karibu asilimia 8 kwa mguu uleule. Hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni mbele kushika sana huku nyuma hakufanyi kazi.

Toyota nyingi zina valvu ya breki inayopima mzigo, yenye rodi inayoshuka kwenye ekseli ya nyuma. Ukiinua gari, ekseli inaenda mbali na bodi, valvu inadhani gari ni tupu, na inapunguza breki za nyuma. Hakuna kitu kilichovunjika, ila gari halisimami. Tengeneza kiinuo cha chuma kinachopandisha ncha ya rodi upande wa ekseli kwa kiasi kilekile ulichoinua gari. Valvu hii ina nipeli yake ya kutoa hewa, na mafundi wengi huisahau. Toa hewa magurudumu yote, kisha malizia hapo. Jaribu kwenye marram tambarare isiyo na watu, kilomita 30 kwa saa. Usijaribie kwenye mteremko wa Salgaa.

Mipira ya breki ipime gurudumu likiwa limening'inia kabisa na usukani umekatwa mwisho. Ukikaza kama uzi wa gitaa, umepungua. Funga mrefu zaidi, usitundike mpira wa zamani.

Pedali ikilainika katikati ya mteremko wa Tambach au ule wa Nandi kwenda Chemelil, mafuta ya breki yamechemka. DOT 3 mpya inatakiwa kuvumilia angalau nyuzi 205, lakini ikishanyonya unyevu inashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Badilisha mafuta kila mwaka kwa gari linalovuka mito, na shuka kwa gia ya chini ukiiachia injini kazi.

Dramu zikiingiwa na tope jeusi, ziondoe zioshwe siku hiyohiyo. Likikauka humo linakuwa msasa.

Linachemka Timboroa, Kisumu lilikuwa sawa

Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya bahari, Nakuru kama 1,850, na barabara ikipita Timboroa inazidi mita 2,700. Pale juu, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 91 hivi, wakati themostati nyingi hufunguka kwenye 82 au 88. Kinachokuokoa ni presha ya kifuniko cha redieta. Kifuniko cha bar 0.9 kikiwa kizima kinapandisha mchemko juu ya nyuzi 110. Kikiwa kimechoka, huko chini hutagundua, huko juu utapika. Kwa hiyo kifuniko kwanza: ni cha bei ndogo, na raba yake iliyopasuka inaonekana kwa macho.

Pili, mbele ya redieta. Umefunga bampa ya chuma, winchi, taa nne na wavu. Hewa ipite wapi? Ondoa taa kwenye njia ya hewa, ujaribu mlima uleule. Kisha osha redieta kutoka upande wa injini kwenda mbele, maji ya nguvu ndogo, maana tope lililoingia kutoka mbele ukilipiga kutoka mbele unalisukuma ndani zaidi. Kama kuna kondensa ya hewa baridi, tenganisha. Kati yake na redieta ndipo manyoya ya nyasi na matope hujificha.

Tatu, wale walioinua bodi juu ya chesisi. Redieta imepanda na bodi, feni imebaki na injini. Sasa feni inazunguka chini ya kisanduku chake cha kuongozea hewa, ikivuta hewa ya moto kutoka chini. Wengine hukitoa kabisa kisanduku kwa sababu kinagusana na feni, na hapo ndipo gari linapoanza kuchemka likienda polepole huku kwenye lami liko sawa. Shusha redieta kwa kiasi kilekile ulichoinua bodi, au tengeneza kisanduku upya. Hakuna njia ya mkato hapa.

Nne, klachi ya feni. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, zungusha feni kwa mkono. Inapaswa kukaza kidogo. Ikizunguka kama pangaboi, imekufa.

Tano ni habari mbaya. Washa injini ya baridi ya asubuhi, kifuniko kimefungwa, ushike mpira wa juu wa redieta. Ukiwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata moto, gesi inaingia kutoka kwenye silinda: gasketi imeungua au hedi imepasuka. Injini ya 1HZ, ya dizeli ya Land Cruiser, iliyoongezewa turbo na kuzidishiwa dizeli ndiyo inayofika hapa mara nyingi. Haikutoka kiwandani na turbo, na vyumba vyake vya awali vya mwako havipendi joto hilo. Ukiiwekea turbo, weka pia kipima joto cha ekzosi kabla ya turbo, na achia mafuta ikikaribia nyuzi 650.

Moshi mweusi na gari zito

Skrubu ya pampu iliyoongezwa Kisumu itatoa moshi Mau Summit, kwa sababu hewa imepungua na dizeli haijapungua. Moshi huo ni joto, na joto hilo ndilo linalorudi kukuchemshia maji. Pampu ipangwe kwa mahali gari linafanya kazi.

Kama hakuna moshi na gari bado ni zito, hesabu gia. Kwa tairi zile zilizokua kwa asilimia 9, difu ya 4.10 inafanya kazi kama 3.76. Ili urudi ulikokuwa unahitaji karibu 4.47, kwa hiyo 4.56 ndiyo ya karibu. Badilisha mbele na nyuma pamoja, uwiano sawa. Difu mbili zisizolingana zitapigana kupitia transfa mara tu ukifunga ya mbele, na kitu kitavunjika. Mita ya mwendo nayo itakudanganya: inaposoma 100, unaenda 109.

Vumbi ndani ya injini

Vumbi jeupe la Kariandusi linatoka kwenye udongo uleule unaochimbwa kutengenezea vichujio, na linasaga injini yako bila huruma. Toa kichujio cha hewa, pitisha kitambaa cheupe kwenye bomba baada yake. Kikitoka na vumbi, hewa inapita pembeni.

Kwenye gari lenye snokeli (bomba la kuvutia hewa kutoka juu), injini ikiwa katika mwendo wa chini kabisa, ziba mdomo wa snokeli kwa ubao uliofunikwa raba. Injini iyumbe na kutaka kuzima mara moja. Ikiendelea kuunguruma kama kawaida, inavuta kwingine. Tafuta pale snokeli inapoingia kwenye bodi, kisanduku cha kichujio kilichochanika, na tundu la kutoa maji chini yake. Tundu lile lile linaloingiza vumbi kiangazi litaingiza mto wakati wa masika.

Winchi inavuta bila nguvu

Pima volti mbili huku winchi ikivuta mzigo: kwenye betri na kwenye mota ya winchi. Betri ikiwa 11.5 na mota 9.5, volti mbili zinapotelea kwenye waya, viungio au solenoidi. Winchi ya ratili 9,500 ikivuta kwa nguvu zote inaweza kula ampea 400, kwa hiyo waya uwe wa milimita mraba 35, au 50 kama betri iko mbali. Waya wa hasi uende kwenye betri yenyewe. Usitegemee bampa iliyopakwa rangi. Betri ikishuka pamoja na mota, betri ni ndogo au imechoka. Tumia kapi kupunguza mzigo nusu, na uiache mota ipoe kila dakika moja ya kuvuta.

Mlio wa "kong" na chesisi

Shoki ikigonga mwisho kabla ya raba ya kikomo, inavunja macho yake au ya chesisi. Ng'oa springi upande mmoja, pandisha ekseli kwa jeki mpaka raba igandamizwe, na shoki ibaki na angalau milimita 25 za kuingia. Yu-bolti zilizonyooshwa usizirudie. Funga mpya, kaza baada ya kilomita 100 na tena baada ya 500.

"Kong" inayokuja ukigeuza usukani, kukiwa na kuchelewa kidogo kabla gurudumu halijafuata, tazama chesisi kuzunguka boksi ya usukani. Safisha kwa brashi ya waya. Ufa huonekana kama mstari mwembamba wa kutu. Ondoa nyaya za betri na za altaneta, funga klipu ya hasi ya mashine ya kuchomelea karibu na kazi yenyewe. Toboa tundu la milimita 4 mwishoni mwa ufa ili usiendelee, fungua ufa kwa grainda uwe mfano wa V, chomelea, kisha funika kwa pleti yenye ncha zilizochongoka. Usichomelee mstari wa wima unaokata chesisi moja kwa moja, kwa sababu itapasuka tena palepale kando ya kulehemu. Bapa ya springi iliyokatika haichomelewi kabisa. Moto unaitoa nguvu yake ya kunesa, na sokoni Kibuye, Kisumu, utapata bapa nyingine kabla fundi hajawasha mashine.